Siku Niliyomsimamisha Fundi Mbele ya Watu

Nyuma ya nyumba yangu ya Kagugu kuna vyumba viwili ambavyo nimekuwa nikivipangisha tangu mke wangu alipofariki. Wapangaji wengi wamepita. Ninayemwandika hapa alikuwa mama wa Kikongo, aliyekimbia vita upande wa Kivu, akakaa kambini, kisha akahamia mjini na binti yake mmoja. Siku ya kwanza alinionyesha kadi yake ya ukimbizi. Nikamwambia airudishe kwenye mkoba, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizaliwa na kukulia ukimbizini Tanzania. Nilidhani kusema hivyo kulitosha kunifanya mtu anayeelewa.

Aliweka cherehani yake barazani, na kazi ikaanza kuja. Wateja walimsikia akichanganya Kinyarwanda na Kiswahili, wakachukulia kwamba ametoka Gisenyi, mji wa mpakani ambako watu wengi huongea hivyo. Hakuwaambia ndiyo wala hapana. Alipima viuno vyao, akawakemea waliochelewa kufuata nguo zao, nao wakamkemea yeye.

"Fundi! Ile sketi yangu umeila?" jirani mmoja alikuwa akipaza sauti kutoka barabarani.

"Nimeikula na chumvi! Kuya jioni uchukue mifupa!"

Mimi nilipenda kuketi pale barazani. Kiswahili ndicho nilichosomea, na nyumbani kwangu hakuna tena wa kuongea naye. Wajukuu wangu hucheka nikianza. Yeye aliniita papa, yaani baba, kwa namna ya kwao. Tulizungumza juu ya mvua, bei ya uzi, na watu waliopita njiani.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi sote hutoka kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na kazi ikiisha tunakaa kikao hapo hapo. Jumamosi moja tulizibua mtaro, kisha kiongozi wa mtaa akasema tumeombwa tujadili jinsi tunavyoishi na wakimbizi kati yetu. Kijana mmoja anayefanya kazi kiwandani Masoro alisimama, akalalamika kwamba kila nafasi ya kazi inapotoka, watu wa nje ndio wa kwanza mlangoni. Mama mmoja akadakia kwamba wenye nyumba nao wanawapenda wakimbizi, kwa sababu hata paa likivuja hawabishi. Watu wakacheka na kunigeukia. Wote walijua kwamba napangisha, ingawa hawakujua ninampangisha mkimbizi.

Kicheko kile kiliniuma. Nikasimama.

"Muzehe, fupisha, jua kali!" mtu akasema kutoka nyuma.

Niliwaambia kwamba wengi wetu tuliokaa pale tulilelewa nchi za watu, tukasoma shule zao na kuzika wazazi wetu katika ardhi yao, na kwamba haifai tusahau haraka hivyo. Ningeishia hapo ningekuwa nimesema vizuri. Lakini niliona wananisikiliza, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu halitokei mara nyingi, na nikataka wanisikilize zaidi.

Nilimtafuta mpangaji wangu kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye majani kati ya wanawake, jembe lake miguuni.

"Mnataka kumwona mkimbizi?" nikasema. "Ndiye huyo anayewashonea nguo. Amemsumbua nani hapa? Simama, mama, wakuone."

Alisimama. Mtu akisifiwa kikaoni kwetu hupigiwa makofi yale ya mpigo mmoja, wote kwa pamoja, na siku hiyo alipigiwa. Hata kijana wa kiwandani alipiga. Yeye aliitikia kwa kichwa mara moja, akakaa. Mimi pia nikakaa, nikiwa nimejaa furaha.

Nilipofika nyumbani nilimkuta uani.

"Papa, nilikukosea nini?"

"Kunikosea? Nimekutetea! Hukuona walivyopiga makofi?"

"Niliona." Alikuwa akisugua matope kwenye kisigino. "Asubuhi nilikuwa fundi. Saa hii niko nani?"

"Fundi yule yule."

"Utaona, papa."

Nikaona. Hakuna aliyemtukana; tusi ningejua namna ya kupambana nalo. Walimwonea huruma. Jirani wa sketi alileta maharage na nguo kuukuu za watoto wake, akaziweka mlangoni na kuondoka kwa heshima, na tangu siku hiyo hakupaza tena sauti kutoka barabarani. Wateja waliacha kumkemea, kisha mmoja mmoja wakaacha kuja. Mama aliyekuwa amempa kitambaa ashone mishanana, mavazi yetu ya sherehe, kwa ajili ya posa ya binti yake, alirudi kukichukua. Nilikuwepo.

"Pumzika tu, dada," alimwambia. "Umepitia mengi. Nisikuchoshe."

"Nimeshapima, dada. Sijachoka."

"Najua, najua," yule mama akajibu, huku akikunja kitambaa, kwa sauti ya mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

Shuleni, mwalimu alimsimamisha binti wa fundi mbele ya darasa aeleze alikotoka, ili wenzake wajifunze kumpenda. Kesho yake binti alikataa kwenda shule. Mama yake alimvisha sare kwa nguvu, wote wawili wakilia, nami nikiwa ndani nawasikia.

Jambo lenyewe nililijua. Nikiwa mtoto Tanzania, mwalimu mkuu alinisimamisha mstarini, akawaambia wenzangu kwamba mimi ni mgeni, nimeteseka, wanitendee wema. Tangu siku ile hakuna aliyeninyang'anya mpira uwanjani. Waliniachia, wakasubiri nipige. Nikaacha kucheza. Sikuwa nimeyasahau hayo. Ila miaka yote niliamini kwamba kilichoniumiza ni kusemewa na mtu asiyewahi kukimbia kwao. Nilifikiri maneno yale yale yakitoka kwa aliyewahi kuwa mkimbizi yatakuwa heshima. Kwa hiyo nilisimama kikaoni bila wasiwasi wowote, nikiona kwamba mimi nina ruhusa.

Nilijaribu kutengeneza, nikaharibu zaidi. Nilikwenda kwa yule mama wa posa kumwomba arudishe kitambaa. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema, "Muzehe, una moyo mzuri sana. Unavyomhurumia!" Nilirudi nimebeba mfuko wa unga niliopewa nimpelekee fundi. Hapo ndipo fundi alipotangaza kwamba anahama.

"Umuganda ujao nitasimama niombe radhi mbele ya wote," nikamwambia.

"Hapana. Ukisimama tena utawakumbusha." Akausogeza ule mfuko wa unga kando. "Na kule naenda, papa, usikuye kunisalimia. Bataniuliza unanijulia wapi."

Nilikubali, nikamsaidia kupakia cherehani kwenye pikapu, nikaifunga kamba mwenyewe. Lakini lazima niandike na hili pia: kwa wiki kadhaa nilimkasirikia. Nilijiambia kwamba hana shukrani, kwamba wengine wangefurahi kutetewa na mwenye nyumba wao. Vyumba vikiwa vitupu na baraza kimya, hasira hiyo ilinisaidia kupitisha siku.

Mwaka huu nilikwenda soko la Kimironko kutafuta kitambaa cha pazia, nikapita upande wa mafundi. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akimkaripia mteja mnene aliyedai gauni limemkaba.

"Gauni haijabadirika! Weye ndiye umebadirika! Harusi mbili umekula tangu nikupime!"

Mteja alicheka hadi akashika meza. "Fundi una mdomo! Kwenu ni wapi?"

"Gisenyi," akajibu, na wakati huohuo akainua macho akaniona.

Mkono wake uliacha kuzungusha cherehani. Mteja naye akageuka, akanikuta nimesimama pale kama mtu mwenye shida.

"Muzehe, nawe unamsubiri huyu? Unamjua? Hebu niambie, anashona vizuri au ananidanganya?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia fundi. Nilitaka kujua kama binti anasoma, na wanaishi wapi. Nilitaka aniite papa. Nilitazama lile gauni mezani.

"Simjui," nikasema. "Napita tu. Lakini mshono naona umenyooka."

"Umesikia?" fundi akamwambia mteja, bila kunitazama tena. "Leta hapa nikupanulie kidogo kwa mbavu. Na kesho usikawie."

Cherehani ikaanza tena kulia. Nikaenda zangu upande wa vitambaa.