Konokono Aliyepauka

Nikisikia harufu ya spiriti, hata leo kwenye duka la dawa hapa Soweto, Mbeya, hunirudisha Iringa, nikiwa na miaka minane, kwenye chupa ya jamu aliyotuletea mjomba Hamadi kutoka Tanga.

Mjomba alikuwa akiendesha boti ya wazamiaji. Ndani ya chupa ile, katika spiriti, alielea konokono wa baharini asiye na gamba, wale wa kwenye matumbawe. Hakuzidi kidole gumba: bluu iliyokolea, michirizi myeusi, na pindo la njano kama la kanga mpya.

"Mtazameni kwa macho tu," mjomba alituonya. "Rangi hizo ni onyo. Ana sumu, hata samaki wanamkwepa."

Akaiweka chupa juu ya kabati. Kesho yake akaondoka.

Sikuweza kuvumilia. Mama alipotoka kumpelekea baba chakula dukani, nilipanda kiti, nikaishusha na kuifungua. Mdogo wangu Zuhura, wa miaka mitatu, alichovya kidole akakilamba kabla sijamzuia. Alikunja uso, kisha akacheka. Nikairudisha chupa mbio.

Siku mbili baadaye nilitazama juu ya kabati. Konokono alikuwa amepauka, mweupe kama ukucha. Rangi zake zimekwenda wapi? Jioni ileile Zuhura akaanza kuchemka mwili. Nilimfunua mdomo nione kama ulimi umegeuka bluu.

Julai ya Iringa baridi yake inang'ata, lakini mimi nilitoka jasho. Bibi alizoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua; mimi nilikuwa nikificha maradhi yasiyo yangu. Asubuhi Zuhura hakuweza kuinua kichwa. Alihema mbavu zikiingia ndani. Mama alipomfunga mgongoni ampeleke hospitali, nikamshika gauni.

"Mama, alilamba maji ya yule konokono. Mimi ndiye niliyefungua."

Nilifumba macho nikisubiri kofi.

"Na wewe ulilamba?"

"Hapana."

"Toa ulimi!"

Alinibana kidevu hadi kikauma, akanikagua ulimi, akaninusa kinywa, kisha akanikokota hadi hospitali.

Daktari alimsikiliza Zuhura kifua. "Nimonia hii," alisema. "Tone la spiriti halikumfanya hivi."

Zuhura alilazwa siku tano, akarudi nyumbani akidai maandazi. Mjomba alipopigiwa simu alicheka: konokono wale wakikaa kwenye spiriti hupauka wote, rangi huyeyuka tu.

Lakini kubanwa kidevu kule sikukusahau. Kwa miaka mingi nilisimulia jinsi mama alivyokuwa mkali, asivyonipa hata neno la kunituliza. Mpaka nilipozaa wangu, nao wakaugua pamoja wiki moja, ndipo nilipokumbuka kwamba vidole vile vilikuwa vikitetemeka. Mama hakuwa na hasira. Alikuwa akitaka kujua ni watoto wangapi wa kubeba, na mgongo alikuwa nao mmoja.