Bega la Kipa

Donncha Tuohy aliichezea parokia yake ya Kilbrack mpira wa magongo miaka kumi na sita, mpaka parokia jirani ikamchukua awe kocha. Siku ya fainali dhidi ya Kilbrack aliwaambia wachezaji wake, “Pigeni juu, kushoto. Kipa wao ana bega bovu.”

Siri hiyo ilikuwa imemponyoka kaka yake Fintan, kocha wa Kilbrack, wakila viazi kwa mama yao.

Vijana wa Donncha wakashinda. Fintan, kama ilivyo desturi ya aliyeshindwa, akaingia katika chumba chao cha kubadilishia nguo kuwapongeza. Kisha akamvuta Donncha pembeni, macho mekundu.

“Kuna mshenzi kwetu kawauzia siri ya bega. Nikimjua, atanitambua!”

Donncha akainama kufungua kamba za viatu ambazo alishazifungua.

“Haya, twende, mdogo wangu. Mama kakuwekea viazi.”