Ndege Aliyepigana na Dirisha Letu

Nilipostaafu uuguzi nilijiahidi jambo moja tu: sitaamka tena kabla ya jua. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikatiza mitaa ya Shinyanga gizani kwenda kupokea zamu, nikaona nimeshaamka vya kutosha. Ahadi hiyo niliitimiza mpaka mwanangu, anayefanya kazi mgodini kule Geita, alipotuletea mafundi. Waling'oa madirisha yetu ya mbao wakaweka ya alumini, yenye vioo vyeusi ambavyo ukisimama nje unajiona mzima mzima.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, nikasikia ko-ko-ko dirishani.

"Karibu!" niliitikia nikiwa bado kitandani.

Tena ko-ko-ko. Nikajifunga kanga, nikafungua mlango. Hakuna mtu. Nikarudi kulala, nikagongewa tena. Mume wangu, ambaye sikio lake la kushoto limekufa, alikuwa amelalia la kulia na anakoroma kwa raha zake.

Siku ya tatu nilimsimulia mama wa nyumba ya nyuma. Akashusha sauti. "Mama, hiyo si ya kuchezea. Kuna mtu anakutafuta." Nikacheka, maana nimeyaona mengi wodini, lakini nakiri mchana ule niliwapigia simu watoto wote, mmoja mmoja, kuuliza kama ni wazima.

Kesho yake niliamua kumvizia huyo mgongaji. Nikakaa uani kwenye kigoda na kikombe cha chai. Jua lilipochomoza tu, kikatoka kwenye mpapai kindege kidogo kuliko kiganja changu, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, kifua kinang'aa kijani. Kikatua kwenye ukingo wa dirisha, kikajitazama kiooni, kikatunisha manyoya. Halafu kikamvamia yule ndege wa kwenye kioo kwa hasira ambayo sijaiona hata kwa walevi waliokuwa wakiletwa kushonwa Jumamosi. Kilipigana, kikapumzika, kikaenda kunywa kwenye maua ya mpapai, kikarudi. Chai ikapoa mkononi mwangu.

Hata hivyo usingizi niliutaka. Nikatundika kanga nje ya dirisha; akahamia la sebuleni. Nikapaka vioo vyote povu la sabuni ya mche. Mume wangu akasema nyumba imekuwa kama duka lililofilisika. Ndege akatoweka siku mbili. Siku ya tatu akaja jirani yetu wa mbele, mfanyabiashara wa Kihindi anayeuza mabati na saruji, aliyezaliwa mtaa huu huu na anayeongea Kisukuma kunishinda.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kwema?"

"Si kwema. Ndege wako amehamia kwenye gari langu. Anapiga kioo cha pembeni, halafu ananiharibia mlango wote kwa mavi."

"Ndege wangu? Tangu lini nikamfuga?"

"Mama wa nyumba ya nyuma kasema ni wako."

Nikamfuata hadi kwake. Kweli, alikuwa pale, anapigana na kioo cha gari. Tulisimama wawili tukimtazama, na sikumbuki ni nani aliyeanza kucheka. Jirani akavivisha vioo vya gari soksi, lakini jioni alinijia na darubini kuukuu ya marehemu baba yake. "Nataka kujua anaishi wapi," akasema, kana kwamba ananiomba ruhusa.

Ndipo ikaanza tabia yangu hii ya uzeeni. Niliosha povu vioo vyote, nikanunua daftari. Niliandika saa anazokuja, maua anayoyapenda, na maswali mengi kuliko majibu. Je, hachoki? Hashangai kwamba adui yake havuji damu? Nilitundika kioo cha mkononi kwenye mpapai nione kama atakizunguka kumtafuta mwenzake kwa nyuma. Alikizunguka mara mbili, akarudi mbele, akaendelea kupiga. Jike lake, la rangi ya vumbi, lilipita karibu bila hata kumtazama. Lilikuwa na kazi: kwenye waya wa kuanikia nguo lilikuwa linaning'iniza kiota, limekifunga kwa utando wa buibui na kukitandika ndani pamba iliyochomolewa kwenye godoro letu la zamani lililokuwa uani. Makinda yalipototolewa, dume likaacha ugomvi likawa linabeba wadudu kutwa. Nguo tulianika uani kwa jirani.

Sasa kila Jumamosi jirani anatuendesha hadi bwawa lililo nje ya mji, mimi na mume wangu, darubini shingoni. Mzee wangu huja kwa kulalamika. Anasema amefanya kazi ya reli maisha yake yote, haoni sababu ya kufukuzia ndege, kisha analala kiti cha nyuma.

Jumamosi iliyopita tulimwona ndege mkubwa wa kijivu, miguu mirefu, mimi na jirani tukabishana karibu nusu saa ni nani yule. Mlango wa gari ukafunguka. Mume wangu akatoa kichwa, akatazama mara moja bila darubini, akataja jina lake kwa Kisukuma. Akaeleza anavyolala kwa mguu mmoja, anakotaga, na sauti yake wakati mvua ziko karibu.

"Umeyajua wapi haya?" nikamuuliza.

"Nilichunga ng'ombe miaka tisa kabla ya reli. Ulidhani kutwa nzima nilikuwa natazama nini?"

Nimeishi naye miaka arobaini na miwili. Jirani akamsogezea kigoda, na mimi nikafungua ukurasa mpya. Akataja wa pili, wa tatu, akaiga mlio wa wa nne mpaka wanawake waliokuwa wakifua ukingoni wakageuka. Nilimwomba aurudie, polepole, nipate kuuandika.