Picha za Giza

Fundi wa miwani alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mpole, mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia mashine ya kusaga lenzi. Majirani wa jengo lile la ghorofa nne walimwita Mzee wa Nyota, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka, naye hakujali. Mchana aliwasaidia watu waone kilicho mbele ya pua zao. Usiku alipanda juu ya paa kutafuta vitu ambavyo hata angepewa macho kumi asingeviona. Darubini yake aliiunda mwenyewe. Kioo peke yake kilimla miezi minane ya kusugua kwa mkono, na bomba lililokibeba, likisimamishwa kwenye miguu yake mitatu, lilikuwa na kimo cha mtu.

Mwaka ule alikuwa akipiga picha wingu moja la vumbi, mbali huko kusiko na hesabu, vumbi lisilo na mwanga wake lenyewe. Picha moja ya dakika tano haikuonyesha kitu. Ilibidi apige mamia, usiku baada ya usiku, kisha kompyuta izipange moja juu ya nyingine mpaka wingu likubali kujitokeza. Alikuwa amekusanya saa thelathini na nane, na alitaka hamsini. Mwisho wa mwezi wingu lingezama nyuma ya majengo, na asingeliona tena hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo alikuwa mbioni.

Tatizo lilikuwa mama yake. Bibi huyo alikuwa akiishi naye ghorofa ya juu kabisa, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Leo anasahau chumvi, kesho anasahau kwamba mumewe alifariki. Dada mkubwa wa fundi, aliyekaa mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili akitaka kumchukua mama akakae kwake, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Fundi alikataa. Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi, na ilimuuma kufikiri kwamba siku mama atakapomsahau yeye, hatakuwepo hata kuishuhudia.

“Usiku anatoka?” dada aliuliza kila mara.

“Analala fofofo, dada.”

“Na mlango?”

“Nimeufunga.”

Alimaanisha mlango wa mbele. Ule wa kwenda paani, hatua chache kutoka chumba cha mama, haukufungika, kwa sababu waya wa umeme wa darubini ulipita hapohapo. Fundi aliuegemezea tofali usibamize. Na paa lenyewe lilikuwa la zege tupu, limezungukwa na kijiukuta kisichofika magotini. Hayo hakumwambia dada yake, na mimi simtetei.

Sasa, wapiga picha wa namna hii wana kazi moja ambayo mtu asiyeijua angewaona wamerukwa na akili. Wanapiga picha za giza. Kamera ina chembechembe zake za uongo, na ili kuziondoa, unaifunika darubini kwa kifuniko chake na kupiga picha nyingine kadhaa, za muda uleule, katika baridi ileile. Kinachoonekana humo ni uongo mtupu wa kamera, nacho kinatolewa kwenye picha za kweli. Fundi alikuwa akifunika saa saba usiku, anaiachia kompyuta ipige picha ishirini na nne za giza, anashuka kulala. Saa tisa mashine ilijizima yenyewe.

Tangu mwezi uliotangulia, picha zile za giza zilikuwa na kasoro. Upande wa kushoto palitokea wekundu hafifu, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Ulidumu picha tatu au nne, kisha ukapotea. Mara ya kwanza alicheka peke yake kwamba amevumbua wingu jipya ndani ya darubini iliyozibwa. Mara ya tano hakucheka. Wekundu ulikuja saa nane na ushee, kila usiku wa kazi, na haukukaa mahali pamoja. Ulisogea. Usiku mmoja uliingia taratibu, ukatulia, ukawa mkubwa, halafu ukazimika ghafla. Aliutazama kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya duka lake la miwani, saa nne asubuhi na jua linawaka nje, akazirudia picha moja moja.

Lakini fundi ni fundi. Kwake kila kitu kina tundu na kila tundu lina dawa. Aliamua kwamba mwanga wa mtaani unapenya kupitia sehemu ya nyuma ya bomba, pale kioo kinapokaa. Baada ya usiku wa kumi na moja alichukua kitambaa kizito cheusi cha chumba cha kupimia macho, akaizungushia darubini yote, ikiwa imekwisha wekwa kifuniko, kuanzia juu hadi chini, akaifunga kamba juu, katikati na chini. Ili kamba zisinase, alizima na mota ya kuizungusha ifuate nyota, ile iliyokuwa ikiguna usiku kucha.

Usiku wa kwanza, picha zilitoka nyeusi tii. Wa pili vilevile. Fundi alifurahi kama mtu aliyepona jino.

Siku hizohizo mama alibadilika. Alikataa kula naye meza moja. Alimwamkia yeye, mwanawe wa kumzaa, kwa adabu anayopewa mgeni, akamwita “fundi”. Asubuhi ya pili alimuuliza kwa sauti ya chini kama ndugu wameshapewa taarifa.

“Taarifa ya nini, mama?”

Mama alimwangalia kwa huruma. Fundi alikwenda chooni, akafungua bomba la maji, akalia. Alidhani ndiyo ile siku aliyokuwa akiiogopa, kwamba ugonjwa umepiga hatua nyingine.

Asubuhi ya tatu, kabla ya kwenda dukani, alifungua picha za giza. Kumi na sita zilikuwa safi. Ya kumi na saba ilikuwa nyeupe pe.

Alipanda paani mbio, viatu mkononi. Kamba ya juu ilikuwa imefunguliwa, si kukatwa, na kitambaa kimekunjuliwa kwa uangalifu hadi shingoni mwa darubini. Kifuniko kilikuwa kimewekwa juu ya kijiukuta, ukingoni kabisa. Hakuna kilichoibiwa. Akachungulia chini, ghorofa nne, kwenye uwanja wa saruji, na ndipo alipotulia akahesabu. Picha ya kumi na saba ni saa nane na dakika ishirini. Wekundu wa siku zote ni saa nane na ushee. Na taa yake nyekundu ya kichwani, anayoitumia asiharibu macho gizani, huwa anaitundika kwenye msumari pale chini ya ngazi, karibu na mlango wa mama.

Aliketi palepale juu ya zege. Jua lilikuwa likipanda.

Mwenye busara angefunga mlango siku ileile. Fundi hakufunga. Alijiambia lazima aone kwa macho yake, na labda, Mungu anajua, bado alikuwa akilifikiria lile wingu. Usiku aliifunga darubini kama jana, akajibanza nyuma ya tangi la maji.

Saa nane na dakika tano, taa nyekundu ilitokea mlangoni. Mama alikuja bila viatu, taa ameishika mkononi kwa chini, uso wake haukuonekana ila kidevu. Hakuenda kwenye darubini. Alipita kando yake, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kijiukuta, akakaa juu yake, na kuinua mguu mmoja kuupitisha upande wa nje, kama mtu anayejiweka vizuri kitandani.

Fundi alitaka kupiga kelele. Alijizuia kwa kujing'ata mkono. Alitoka taratibu, akasimama mbali kidogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, fundi.” Hakushtuka. “Umekuja kumchukua?”

“Kumchukua nani?”

Alinyoosha taa kuelekea lile bomba lililozungushiwa kitambaa. “Mwanangu. Nilikuwa nakuja kumwambia ashuke, baridi kali. Alikuwa ananiitikia, mmm, mmm, lakini hashuki. Sasa wamemfunika, na hakuna aliyeniambia.”

“Mama, mwanao ni mimi.”

“Usinibembeleze, baba. Jana nilimfunua uso nikachungulia. Hayumo. Ndani kuna bibi kizee tu, ananitazama.”

Upepo ulivuma, mama akayumba, akashika ukingo kwa mkono mmoja. Fundi alijua akimrukia watakwenda wote wawili. Alijua pia kwamba kubishana ni kupoteza muda. Alivuta pumzi, akasema lile ambalo hakuna mtoto anayepaswa kulisema.

“Ni kweli, mama. Nimekuja kumchukua. Lakini ni mzito, siwezi peke yangu. Nisaidie tumshushe.”

Mama alifikiri. Kisha aliurudisha mguu ndani, akajifuta mikono kwenye gauni, akaja.

Fundi alifungua skrubu za darubini bila kuangalia. Ule mhimili wa juu ya miguu mitatu, alioutegesha kwa wiki mbili, unywele kwa unywele, aliusukuma ukaanguka. Alimpa mama upande mwepesi, yeye akabeba wenye kioo, akiwa amesimama kati yake na ukingo. Wakashuka ngazi taratibu, mama mbele kinyumenyume, akimwelekeza kwa upole wapi pa kukanyaga, na kila waliposimama kupumzika alipapasa kile kitambaa cheusi na kusema, “Polepole, usimgonge.” Waliilaza kwenye kitanda cha fundi. Mama akakaa kitini kando yake, mikono mapajani, tayari kukesha.

Fundi alipanda tena, akachomoa waya, akafunga mlango wa paani kwa ufunguo. Alirudi, akakaa sakafuni miguuni pa mama, wakaomboleza pamoja hadi kukapambazuka, yeye akijiombolezea mwenyewe. Mama alimpapasa kichwa na kumwambia ajikaze, mambo haya humkuta kila mtu.

Saa kumi na mbili alimpigia dada yake simu. Alimwambia aje amchukue mama leo, kisha akamweleza mlango, tofali, waya, na ule ukuta usiofika magotini. Dada alitaka hesabu.

“Amepanda huko mara ngapi?”

“Usiku kumi na moja ninazo kwenye picha, dada. Na huu wa jana na juzi.”

“Basi?”

“Kuna usiku mbili hapo katikati sizijui. Nilikuwa nimeiziba darubini.”