Makaa ya Mama Njoki

Nilikuwa mtoto wa kukosa meno ya mbele Baba alipomaliza nyumba ya mawe huku juu, mbali na mto Ruiru uliokuwa ukituingilia jikoni kila mvua kubwa. Wote tulifurahi isipokuwa Shosho, mama yake Baba. Alisema haingii humo mpaka moto wa jikoni kwake utangulie, ubebwe na mtoto wa kike na wa kiume, kama desturi inavyotaka. Moto ukizima njiani, basi nyumba imemkataa.

"Mama, kuna kiberiti," Baba akasema.

"Kiberiti ni cha kuwasha sigara. Peleka huko."

Baba alikuwa mwalimu na hakuamini mambo hayo hata chembe, lakini alimjua mama yake. Tukachaguliwa mimi na binamu yangu Kamau. Shosho akatuwekea makaa kwenye kigae cha chungu, akayafunika kwa majivu, kisha akamwagia maji mafiga yake, kwa sababu familia moja haiwi na moto mahali pawili. Jikoni kukajaa moshi, nikajua hakuna kurudi.

Hatukufika mbali. Mvua ya mchana ilitukuta kwenye mteremko, na ingawa Kamau alivua shati akafunika kigae, makaa yaligeuka tope jeusi. Nililia kwa sauti mpaka jirani yetu wa siku zote, Mama Njoki, akatoka nje.

"Aii, Wambui, nini tena?"

"Moto wa Shosho umezima!"

Hakuuliza la pili. Aliingia jikoni kwake, akatoka na makaa mekundu, akajifunika gunia kichwani na kutusindikiza.

Shosho alikuwa amefikishwa na pikapu iliyobeba vitanda. Alisimama nje ya mlango mpya, majirani wamemzunguka, na alipomwona tu Mama Njoki akajua.

"Huo si moto wangu."

"Ni wako," Mama Njoki akamjibu. "Ile jioni tulihamia kule mtoni, si ulinipa, nami nikautunza mpaka leo?"

Ndipo niliposikia jinsi kijiji chetu kilivyoanza. Familia chache zilitoka kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, mabati kichwani, zikafyeka matete kando ya mto. Kila nyumba ilipaswa kusimama na kuwashwa moto siku hiyo hiyo, la sivyo pepo wabaya wangeingia kwanza. Mvua ikanyesha. Ni jikoni kwa Shosho peke yake moto ulikowaka, na moto wa siku ya kwanza hautolewi nje, kwani ni kumpa mtu bahati yako. Lakini Mama Njoki alikuwa na mtoto mchanga aliyetetemeka, na Shosho akampa. Babu yangu alipokufa muda mfupi baadaye, watu walisema Shosho alijiletea kwa kutoa moto, ingawa hawakujua aliyepewa. Miaka yote hiyo Mama Njoki alinyamaza, huku wawili hao wakiteka maji mahali pamoja.

"Niliogopa watasema mtoto wangu ndiye alimaliza mzee wako," Mama Njoki akasema mbele ya wote. "Lakini Njoki ako hai. Ni wewe ulimwokoa."

Shosho alifuta uso kwa leso, nami sikujua kama ni mvua. Kisha akatushika mabega, mimi na Kamau, akatusukuma ndani na makaa yetu. Yeye akafuata.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza Shosho kama kweli aliamini moto ule ulikuwa wake. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Moto wa Mama Njoki? Huo ulikuwa unazima kila mara! Huyo hajui hata kufunika makaa."

"Sasa mbona uliingia?"

"Kwa sababu alisema nilimwokoa Njoki, na watu wakasikia."

Siku hizi kando ya mto pamejaa ploti za kukodisha, na wazee wanaposimulia kijiji kilivyoanza huwataja wanaume waliopima mipaka. Mimi huwakatiza, na sioni haya. Nawaambia mipaka ilipimwa, ni kweli, lakini hapa palikuwa bado pori mpaka jioni ile, mwanamke mmoja alipouogopa mwiko kwa moyo wake wote na bado akafungua mlango, akautoa moto.