Boti Yenu Ina Urefu Gani?

Katika duka la vyuma ninakopakia mizigo, hapa Busia, kuna mama anayewafanyia wateja makadirio ya ujenzi. Mtu akitoka visiwani huko ziwani akitaka ghala la chuma, mama haulizi kwanza ukubwa wa ghala. Huuliza, "Boti yenu ina urefu gani?" Chuma kisichoingia botini, husema, kitabaki Busia. Kisha hubonyeza kikokotoo kwa kidole gumba, kalamu ikiwa imechomekwa nyweleni, na sauti yake haipandi hata malori yakipiga honi nje.

Juzi alikuja Oduori, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi. Wamechanga miaka mingi wapate pa kuweka dagaa wao wa omena mvua inaponyesha, na sasa makadirio yalikuwa yamezidi mchango wao.

"Toa hiyo rangi ya kuzuia kutu," alisema. "Chuma ni chuma, mama."

Mama alichukua bolti kuukuu inayokaa mezani pake, akaisugua, akamwonyesha kidole kilichogeuka chekundu kwa kutu. "Hii ilitoka kisiwa cha jirani zako waliokataa rangi, mzee. Rangi sitoi. Nitapunguza urefu wa ghala mita tatu."

Yeye hulipwa kulingana na chuma anachouza. Nilisimama na mzigo begani, nikimtazama anavyopunguza pato lake bila kukunja uso.

"Wewe ni muuzaji wa aina gani, unakataa kuuza?" Oduori alimuuliza.

"Yule utakayetaka kumsalimia hata mwaka ujao."

Oduori alicheka, akavuta kiti. "Haya, fupisha."