Marobota Arobaini Hadi Kilindini

Miaka ile ya vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, ambayo sisi Waborana tunaiita Daaba, yaani wakati mambo yaliposimama, kazi yangu ilikuwa kuchambua ngozi. Banda letu lilikuwa nyuma ya kichinjio cha Isiolo. Mwenye banda alikuwa mzee wa Kisomali ambaye babake alizaliwa papo hapo mjini, na ndiye aliyenifundisha kazi kabla sijaolewa, kwa sababu, alisema, nilikuwa na vidole visivyosahau. Ngozi iliyowambwa kivulini hulia kama karatasi ukiigonga kwa ukucha. Iliyoanikwa kwenye mchanga wa moto huonekana nzuri juu, kumbe ndani imeungua, na ikiloweshwa kiwandani inaachana vipande vipande. Mimi niliitambua kabla sijaiinua.

Siku za amani ngozi zetu zilipakiwa kwenye lori, zikapanda Timau, zikapita Nanyuki na Nairobi hadi bandari ya Kilindini, Mombasa, ambako meli zilizichukua. Nanyuki reli ilikuwepo, lakini mzee hakuipenda. Mabehewa yalikaa siku nyingi yakingoja, na ngozi inayongoja huliwa na wadudu. Kila safari alipanda lori mwenyewe, akaenda kusimama mbele ya mnunuzi mzigo ukifunguliwa.

Vita vilipoanza akakwama. Msomali au Mborana hakutoka Isiolo bila kibali, na yeye alinyimwa kibali mara tatu. Akatuma mizigo miwili bila mtu wa kuisimamia. Yote miwili iliwekwa daraja la mwisho, na barua ya mnunuzi ikaja kusema kwamba mzigo wa tatu ukiwa hivyo hivyo, Isiolo isitume tena.

Lazima nieleze ngozi zenyewe zilitoka wapi. Wafugaji walikuwa wamekusanywa kambini na serikali, na mume wangu, aliyekuwa na ng'ombe wetu huko Korbesa, alihamishiwa kambi ya Merti. Ng'ombe waliofungiwa pamoja walimaliza majani upesi. Watu waliwachinja kabla hawajafa, na ngozi zikabaki kitu pekee cha kuuza. Zilikuja Isiolo na msafara wa malori yaliyolindwa na jeshi. Asubuhi moja niligeuza ngozi nyekundu nikaona chapa ya ukoo wa mume wangu pajani, na karibu na mgongo kovu nililolijua. Ng'ombe huyo nilimlea mimi mwenyewe, tangu akiwa ndama aliyefiwa na mamake. Ndivyo nilivyopata habari za nyumbani. Nilikaa chini kidogo. Kisha nikaipima, nikaiweka daraja la pili kwa sababu ya lile kovu, nikachukua nyingine.

Siku hiyo hiyo nilimwambia mzee kwamba mzigo wa tatu nitaupeleka mimi. Akasema hajawahi kuona mwanamke amesimama na mzigo wa ngozi Kilindini. Nikamjibu kwamba wakati huu hata yeye hawezi kusimama huko. Akacheka, na ilikuwa miezi mingi sijamsikia akicheka.

Kibali nilikipata bila shida niliyotarajia. Karani wa vibali aliniuliza kama nakwenda kuona jamaa. Nikasema nakwenda na ngozi. Alidhani natania, akagonga muhuri. Mama mkwe alikubali kubaki na watoto wangu wawili, na hakuuliza lolote ila kama nitavaa viatu.

Kwa siku nane nilichambua upya banda zima. Kila ngozi ilipita mikononi mwangu, ikabrashiwa, ikakunjwa, na marobota yakafungwa kwa kamba za katani, arobaini kamili. Dereva alikuwa Mmeru, mtu wa makamo, Mkristo aliyesali kwa sauti kabla hajawasha gari. Hakufurahi kuniona. Alimwambia mzee kwamba barabara imeharibika, askari ni wengi, na yeye hataki lawama ya mke wa mtu. Nilipanda nikakaa, nikasema bismillahi yangu wakati yeye anasema amina yake, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Kwenye kizuizi cha barabara ya kupanda Timau askari walitaka kujua ndani ya marobota kuna nini. Mmoja alishatoa singe, ile bayoneti ya bunduki, ili ayachome moja moja atafute silaha. Niliruka chini. Tundu moja la singe lingepita ngozi ishirini, na zote zingekuwa takataka.

"Usichome," nikamwambia. "Nitafungua mimi. Utaangalia mpaka uridhike."

Alimtazama mkubwa wake. Mkubwa akamwambia dereva kwamba yeye, kwa kuwa ni mtu wa Meru, anaweza kwenda zake na lori, na mwanamke na mzigo wake wabaki hapo wakaguliwe polepole.

Dereva alizima injini. Akashuka, akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha lori.

"Huyu ndiye mwenye mzigo," alisema. "Mimi ni wa kumpeleka. Sasa nitaenda kupeleka nani?"

Tulifungua robota baada ya robota, tukatandaza ngozi juu ya turubai, askari wakatazama, tukakunja, tukafunga. Kamba zilinichubua viganja hadi damu. Saa tisa mchana tulikuwa tumemaliza marobota yote arobaini, na yule askari wa singe, sijui ni aibu au ni huruma, alitusaidia kuinua yale ya mwisho. Tangu pale dereva aliniita mama, na hakusema tena neno la mke wa mtu.

Safari yenyewe ilikuwa ya vumbi na ya harufu. Hotelini tuliombwa tule nje, kwa sababu tulinuka ngozi kuliko kichinjio. Dereva alizijua njia kwa milima yake. Alinionyesha mteremko ambapo breki zilimwishia mwaka uliopita, na mahali tembo walimzuia tangu asubuhi hadi adhuhuri. Karibu na Voi mawingu yalikusanyika. Tukasimama tukafunga turubai mara ya pili, kila mmoja upande wake, bila kuambiana. Mvua ilinyesha kweli, lakini hata tone halikupenya.

Kilindini godauni la mnunuzi lilikuwa refu kuliko soko la Isiolo. Mkaguzi wa ngozi alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na miwani. Nilimpa salaam aleikum, akaitikia vizuri, akatazama nyuma yangu akimtafuta mwenye mzigo. Nilipomwambia ni mimi, Kiswahili changu cha bara kikawachekesha wapagazi wote.

"Ngozi za Isiolo nazijua mie," alisema. "Sina haja ya kuzifungua. Zipelekeni kule nyuma."

Kule nyuma ndiko kulikokuwa na rundo la daraja la mwisho. Nilisimama mbele ya wapagazi. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo, lakini niliwaona wale waliochuna ngozi zile huko Merti kana kwamba wamesimama nami.

"Chagua robota lolote wewe mwenyewe," nikamwambia. "Nikikosea daraja la ngozi hata moja, peleka yote kule."

Alichagua, si la juu, akalitoa la katikati kabisa. Wapagazi wakakata kamba. Akashika ngozi ya kwanza, nami nikataja daraja lake. Akatikisa kichwa kukubali. Ya pili, ya tatu, tukawa tunakwenda pamoja. Watu walianza kukusanyika, dereva akiwa kati yao. Kwenye ya kumi na moja mkaguzi akasema ni ya kwanza.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni ya tatu."

Wapagazi walicheka tena, wakidhani sijui ninachosema, maana ni mwuza ngozi gani anayeshusha ngozi yake mwenyewe? Niliichukua, nikaenda nayo mlangoni, nikaiinua mbele ya mwanga. Pale ikaonekana: vijitundu vya kupe, vingi, vidogo kama ncha ya sindano, kuanzia tumboni hadi begani. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akavaa. Aliikagua muda mrefu. Kisha akaniuliza nilijuaje bila mwanga. Nikamwambia nilivihisi kwa kidole nilipokuwa naikunja, na kwamba kila ya daraja la tatu niliifunga uzi mweusi pembeni, akitazama ataukuta. Uzi ulikuwepo.

Alimgeukia karani wake.

"Usifungue mengine," akasema. "Andika madaraja kama alivyoyapanga mama huyu."

Sikulia pale. Nililia garini, tulipokwisha kutoka lango la bandari, na dereva akatazama barabara tu kama mtu asiyesikia. Kisha akasema kwamba amebeba mizigo tangu ujana wake, lakini siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuona mzigo ukibeba watu.

Nilikwenda safari nyingine saba kabla ya vita kwisha, na kila mara dereva alikuwa yule yule. Kambi zilipofunguliwa, mume wangu alirudi amekonda, bila hata ng'ombe mmoja, akanikuta nafundisha wanawake wanne jinsi ya kuwamba ngozi. Alinisikiliza nikimhadithia Kilindini, akaniomba nirudie sehemu ya ngozi ya kumi na moja.

Mzee naye alipata kibali chake mwishoni. Alikuja nacho bandani, akanionyesha muhuri, akasifu karatasi yake. Lori lilikuwa limeshapakiwa. Nikampisha mlangoni ili apande, maana mzigo ulikuwa wake na kiti kilikuwa chake tangu zamani. Akakunja kibali, akakitia mfukoni.

"Panda wewe," aliniambia. "Kule wanakungoja wewe."

Nikapanda.